Kisumu na Ubishi wa Majimbo

Kati ya watu waliofanya kazi kubwa ya kuyaua majimbo ya Kenya baada ya uhuru, wawili walikuwa wana wa ziwa. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alikuwa waziri wa sheria na mambo ya katiba katika serikali ya kwanza, na ndiye aliyesimamia bungeni mabadiliko yaliyoifanya Kenya jamhuri mwaka 1964. Jaramogi Oginga Odinga wa Bondo alikuwa waziri wa mambo ya ndani, kisha makamu wa rais wa kwanza. Hawakupendana, lakini katika hili walikubaliana: nchi changa haitaenda popote ikiwa na serikali saba ndani ya serikali moja. Miaka 40 baadaye, mwana wa Jaramogi alikuwa akizunguka nchi akidai mamlaka yagawanywe, na Kisumu ikimshangilia.

Mwenye haraka atasema hicho ni kigeugeu cha wanasiasa. Ukiifuata safari yenyewe kituo kwa kituo, utaona kwamba kila upande ulikuwa na sababu zake, na kwamba sababu hizo zilihama kila mamlaka yalipohama.

Kisumu yenyewe ilianza kwa kuhamishwa. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901 na kituo kikaitwa Port Florence, eneo lote lilikuwa bado Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka uliofuata London ikaukata mkoa huo na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki. Watu wa ufuoni walilala chini ya Entebbe wakaamka chini ya Mombasa, na hakuna aliyewauliza.

Mara ya kwanza walipojiuliza wenyewe ilikuwa Desemba 1921, huko Lundha katika Gem. Himaya ilikuwa imegeuzwa kuwa koloni mwaka mmoja kabla, kodi imepanda, kipande kimeletwa, na vijana waliosomea shule ya Maseno walijua kusoma tangazo la serikali na kuelewa maana yake. Jonathan Okwiri, Simeon Nyende, Benjamin Owuor na wenzao wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo (jina la kikoloni la eneo lao), ambacho watu walikiita Piny Owacho. Madai yao mengi ndiyo yaliyosikika pia Nairobi kwa mwanaharakati Harry Thuku: kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, wanawake wasitozwe, watu wapewe hati za mashamba. Dai moja lilikuwa la aina nyingine. Walitaka Nyanza iwe na baraza lake la kutunga sheria, na kiongozi Mwafrika wa kuchaguliwa juu yake.

Dai hilo halikufika mbali. Mwaka 1923 mmisionari Archdeacon Owen alikigeuza chama kuwa cha ustawi wa walipa kodi, na wanachama wakajikuta wakiapa kuua panya na kuchimba vyoo. Hata hivyo ni vizuri kulikumbuka, kwa sababu vitabu vingi vya historia huandika kana kwamba majimbo yalibuniwa na walowezi mwaka 1961. Wazo la Nyanza kujitawala ndani ya Kenya lilitoka Gem, miaka 40 kabla ya hapo.

Kwa nini basi watu wa Nyanza waliligeuzia mgongo wazo hilo siku lilipowezekana?

Jibu limo katika mabehewa ya reli. Kufikia miaka ya 1950 Waluo walikuwa wametapakaa nchi nzima na nje yake: bandarini Mombasa, kwenye karakana za reli Nairobi, kwenye mashamba ya chai Kericho, hata Kampala. Pamba ya Nyanza haikuwahi kuleta fedha kama kahawa ya Kati. Nyumba nyingi ziliendeshwa na mshahara uliotumwa kutoka mbali. Chama cha Luo Union, ambacho Odinga alikuwa Ker wake, yaani kiongozi wake mkuu, kilikuwa na matawi kila mji wenye kazi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba kila jimbo litakuwa na ardhi yake, ajira zake na polisi wake, anasikia jambo moja tu: kwamba Mombasa na Nakuru atakuwa mgeni. Odinga mwenyewe, aliyeanzisha kampuni ya Luo Thrift mwaka 1947 na kujenga Ramogi House mjini Kisumu, aliijua biashara ya kutegemea njia iliyo wazi.

Upande wa pili ulikuwa na hofu yake, nayo haikuwa ya kubuni. Sensa ya 1962 iliwahesabu Wakikuyu kuwa wa kwanza kwa wingi na Waluo wa pili, zaidi ya milioni 1.1. KANU, iliyoundwa Mei 1960, ilikuwa nyumba ya hao wawili: James Gichuru mwenyekiti akimshikia nafasi Jomo Kenyatta aliyekuwa kizuizini, Odinga makamu, Mboya katibu mkuu. Mwezi mmoja baadaye waliobaki nje wakaunda KADU: Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa Magharibi, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa. Kwa Mkalenjin aliyeona mashamba ya wazungu yakikaribia kuuzwa, au Mmijikenda aliyeona kazi za bandari zikishikwa na watu wa bara, ushindi wa KANU ulimaanisha kubadilishiwa bwana. Walowezi wa mrengo wa Michael Blundell waliunga mkono kwa sababu zao, na wakili wa Uswisi akaletwa kuonyesha jinsi nchi ndogo yenye lugha nyingi inavyogawana madaraka. KANU ilipenda kuicheka Uswisi hiyo. Ilikuwa rahisi kuwacheka walowezi kuliko kumjibu Mmijikenda.

Uchaguzi wa 1961 KANU ilishinda kwa viti 19 dhidi ya 11, lakini ikakataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. Huo ulikuwa msimamo wa Odinga tangu Juni 1958, aliposimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa watu, wakati wenzake Waafrika wengi waliona ametia mkono motoni. KADU ikaingia serikalini kwa msaada wa walowezi. Kwa hiyo wajumbe walipokutana Lancaster House, London, Februari 1962, chama chenye kura chache kilikuwa tayari kimekalia viti vya uwaziri, na serikali ya Uingereza haikuwa na haja ya kukiharakisha kiondoke.

Mkutano ulichukua wiki saba. Reginald Maudling, waziri wa makoloni, alikuwa mtu wa kuchosha watu hadi wakubaliane. KADU ilitaka majimbo yenye nguvu, na baraza la juu la kuyalinda. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu na mabaraza ya wilaya chini yake. Waliyokubaliana hatimaye yalikuwa marefu na yenye mafundo: Seneti yenye kiti kimoja kwa kila wilaya, viti 41 pamoja na Nairobi, mabaraza ya majimbo yenye mamlaka yaliyoorodheshwa katika ardhi, elimu, afya na polisi, na masharti ya kubadilisha katiba ambayo kwa vifungu vikuu yalidai asilimia 75 ya Bunge na asilimia 90 ya Seneti. Katika serikali ya mseto iliyofuata, Waingereza walikataa Odinga apewe wizara yoyote, wakimwona mtu wa Moscow na Peking. Fedha alipewa Gichuru.

KANU ilikubali majimbo kwa nini? Odinga aliliandika jibu bila haya katika kitabu chake Not Yet Uhuru, kilichotoka 1967: Kenyatta na wenzake waliona heri kuipokea katiba wasiyoitaka, waingie serikalini, kisha waibadilishe wakiwa ndani. Odinga hakujitoa katika hesabu hiyo. Naona hapa ndipo mambo mengi yaliyofuata yalipopandwa, kwa sababu wajumbe wa upande mmoja walitia sahihi mkataba huku tayari wakiwa wamepanga kuuvunja, na wa upande wa pili walilijua hilo. Ndiyo maana walidai asilimia 90.

Ilibaki kuchora mipaka. Tume ya Sir Stafford Foster-Sutton ilizunguka Kenya mwaka huohuo wa 1962 ikiuliza watu wanataka kukaa na nani. Ni zoezi ambalo ukilifikiria vizuri linatisha: mzee anaitwa mbele ya mzungu, anaambiwa achague majirani. Waluhya walitaka jimbo lao na wakalipata. Nyanza ya zamani, iliyokuwa na Kakamega na Bungoma ndani yake, ikakatwa. Kisumu ikabaki makao makuu ya jimbo la Waluo, Wakisii na Wakuria, na Kakamega ikawa mji mkuu wa Magharibi. Mstari mmojawapo ulipita karibu na Maseno, shule ileile iliyowafundisha vijana wa Lundha, na hadi leo Kisumu na Vihiga zinabishana Maseno ni ya nani.

Katiba hiyo ilianza kazi Juni 1, 1963, siku ya Madaraka, baada ya KANU kushinda uchaguzi wa Mei na Kenyatta kuwa waziri mkuu. Haikupewa hata miezi minne kabla ya kurudishwa mezani. Septemba wajumbe walikuwa London tena, safari hii mbele ya waziri mpya wa makoloni, Duncan Sandys, KANU ikidai mageuzi kabla ya uhuru na watu wa KADU wakitishia kujitenga. Sandys aliona wazi nani atatawala Kenya Desemba. Akairuhusu serikali kuu iimarishe mamlaka yake juu ya polisi na utumishi wa umma, na akaongeza mlango wa pili wa kubadilisha vifungu ambavyo si vya msingi: serikali ikishindwa bungeni, iende kwa wananchi, ipate theluthi mbili ya kura. Uhuru ulipofika Desemba 12, majimbo yalikuwa na viti, makatibu na majengo, lakini fedha na shughuli ambazo yalipaswa kukabidhiwa zilikuja kwa kusuasua au hazikuja kabisa.

Mabaraza ya majimbo yaliyoongozwa na KANU, la Nyanza likiwemo, hayakupiga kelele. Hili linashangaza kidogo. Kisumu ilikuwa na baraza lililochaguliwa, lenye haki kikatiba ya kudai mgao wake, na wajumbe wake walikuwa wa chama kilichotaka baraza hilo life. Walikaa kama walinzi waliopewa kazi na mwizi. Lakini fikiria hali yao: makamu wa rais wa chama ni wao, katibu mkuu ni wao, mawaziri ni wao. Nani angepigania hospitali kupitia baraza la Kisumu wakati angeweza kumwona Jaramogi?

Mwaka 1964 Kenyatta alitangaza kwamba bunge likikataa jamhuri ataenda kwenye kura ya maoni. Wabunge wa KADU walikuwa wakihama mmoja mmoja, na Novemba 10 Ngala akakivunja chama na kuvuka sakafu. Desemba 12 Kenya ikawa jamhuri, Odinga akawa makamu wa rais. Mwaka 1965 asilimia 90 zikashushwa hadi 65, majimbo yakarudi kuitwa mikoa. Mwisho wa 1966 Seneti ikaunganishwa na Bunge. Mwaka 1968 hata mabaraza ya mikoa yakafutwa. Ngome ile ya Lancaster ilibomolewa kwa kufuata masharti yake yote, kura kwa kura, kwa sababu waliowekwa kuilinda walihamia upande wa waliotaka kuibomoa.

Sasa tazama tarehe. Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU Limuru, nafasi ya makamu mmoja wa chama ilifutwa na kuwekwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa. Mpango ulikuwa wa Mboya, na aliyelengwa alikuwa Odinga. Aprili Odinga alijiuzulu na kuunda Kenya People's Union. Wabunge walioanza kumfuata walikuwa karibu 30. Kabla Aprili haijaisha Bunge lilipitisha marekebisho ya katiba kwa haraka ya ajabu: mbunge akihama chama kilichomdhamini, apoteze kiti na arudi kwa wapiga kura. Ngala na wenzake walipohama mwaka 1964 hawakudaiwa hivyo. Katika uchaguzi mdogo wa Juni, KPU ilibaki na viti 9, vingi vyake Nyanza. Mwezi huohuo mamlaka ya kuweka watu kizuizini bila kesi yakapanuliwa.

Hivyo mtu aliyesaidia kuondoa vizuizi vyote kati ya Ikulu na raia akajikuta yeye ndiye raia. Mkuu wa mkoa aliyeketi Kisumu hakuwajibika kwa mtu yeyote wa Nyanza. Aliwajibika kwa rais. KPU ilinyimwa vibali vya mikutano, na hapakuwa na baraza la jimbo la kulalamikia.

Julai 5, 1969 Mboya aliuawa kwa risasi barabarani Nairobi. Oktoba 25 Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti ambao Odinga alikuwa ameutafuta na ambayo wenyeji mpaka leo huiita Russia. Umati ulizomea, rais akamshambulia Odinga kwa maneno makali mbele yake, na msafara ulipokuwa ukiondoka walinzi walifyatua risasi kwa watu waliopanga foleni kando ya barabara. Serikali ilitaja waliokufa 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akawa kizuizini hadi 1971.

Wapo wanaosema majimbo yangelizuia hayo. Sioni namna. Walinzi wa rais wasingeuliza ruhusa ya baraza la Nyanza. Kilichobadilika ni yaliyofuata: kwa miaka mingi mkoa mzima uliadhibiwa kwa njia za kimyakimya, barabara zisizowekwa lami, teuzi zisizokuja, na haukuwa na mfuko wake wala sauti yake ya kisheria. Hapo ndipo mawazo ya watu wa ufuoni yalipoanza kugeuka, polepole, bila mtu kutangaza.

Yaligeuka kwa tahadhari, kwa sababu majimbo nayo yalikuwa yamepata sura mbaya. Mwaka 1991, Odinga na wenzake wa vuguvugu la FORD walipodai vyama vingi, wanasiasa wa KANU wa Bonde la Ufa waliyafufua majimbo kwenye mikutano ya hadhara kama njia ya kuwafukuza wageni. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo vita vilianza katika shamba la Miteitei, Nandi, jirani kabisa na Kisumu, na waliokimbia kuteremka kuelekea ziwani walikuwa Waluo. Hofu ya mwaka 1962 ya kufanywa mgeni ilikuwa imetimia, ikiletwa na warithi wa KADU wakiwa ndani ya KANU.

Kwa hiyo tume ya kurekebisha katiba ya Profesa Yash Pal Ghai ilipoanza kukusanya maoni ya wananchi, na wajumbe zaidi ya 600 wakakutana katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, mwaka 2003, kazi ngumu ilikuwa kugawanya madaraka bila kugawanya watu. Kamati ya ugatuzi iliongozwa na Dkt. Crispin Odhiambo Mbai wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Septemba 14, 2003 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Rasimu ya Bomas ilipita Machi 2004 serikali ikiwa imetoka nje, na ilipofika kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005 ilikuwa imekatwakatwa na kurudisha nguvu kwa rais. Kisumu ilikataa. Wakati wa kampeni watu kadhaa waliuawa kwa risasi mjini humo. Wengi wa wapiga kura nchini wakasema hapana, alama ya chungwa ikashinda ndizi, na chungwa hilo likazaa chama cha ODM cha Raila Odinga, mwana wa Jaramogi.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zinajulikana. Kwa Kisumu inatosha kusema kwamba tume ya Jaji Philip Waki iliona wengi wa waliokufa hapo walikufa kwa risasi za polisi. Ni damu hiyo iliyowalazimisha wakubwa kuketi.

Waliketi Naivasha Januari 2010, wabunge wa kamati ya katiba iliyoongozwa na Abdikadir Mohamed, wakiwa na rasimu ya wataalamu wa Nzamba Kitonga. ODM ilikwenda ikitaka waziri mkuu mwenye mamlaka, na ugatuzi wenye ngazi ya majimbo makubwa. Upande wa Rais Kibaki ulitaka rais mtendaji, na ugatuzi mdogo. Walitoka na biashara ambayo hakuna aliyeitabiri: ODM iliachia waziri mkuu na ikaachia majimbo, ikapata kaunti 47 zenye magavana wa kuchaguliwa, Seneti ya kuzilinda, na sharti kwamba zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti zilifuata wilaya za sheria ya 1992, ili mtu yeyote asianze kuchora upya ramani ya Foster-Sutton. Bungeni yaliletwa mapendekezo ya marekebisho zaidi ya 100. Hata moja halikupita. Agosti 4, 2010 asilimia 67 ya wapiga kura walikubali, Nyanza ikiwa juu zaidi ya wastani huo kwa mbali.

Safari hii waandishi walikumbuka 1964. Vifungu vya ugatuzi haviwezi kuguswa na wabunge peke yao; lazima kura ya maoni, na angalau moja ya tano ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti. Nyanza ya zamani ilikuwa sasa kaunti sita, na baada ya muda magavana wa eneo lote la ziwa wakaunda umoja wa kiuchumi wa kaunti 14, unaozikusanya tena Kakamega, Kericho na Kisumu kwenye meza moja.

Ngome hiyo ilijaribiwa mapema, na waliojaribu hawakuwa maadui zake. Mwaka 2020 Raila na Rais Uhuru Kenyatta walileta mpango wa kubadilisha katiba ulioitwa BBI: waziri mkuu arudi, na mgao wa kaunti upande hadi asilimia 35. Februari 2021 bunge la kaunti ya Siaya, nyumbani kwa Jaramogi, lilikuwa la kwanza nchini kuupitisha. Mahakama Kuu iliuzuia Mei mwaka huo, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Agosti, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa njia iliyowekewa wananchi. Asilimia 35 zilianguka pamoja na waziri mkuu, na kaunti za ufuoni zikarudi kubishana na Hazina kila mwaka kuhusu kiasi na tarehe ya fedha zao.